Karata ya Ziada ya Mzee Senkondo

Hapo zamani, huko milimani Upare, kijiji kimoja kilikuwa na ndiva, bwawa la kugawia maji ya mashamba. Kiangazi maji hayakutosha, basi watu wakatunga mchezo wa karata wa kuamua nani afunguliwe mfereji. Wote wanagawiwa karata sawa, na kila mtu kwa zamu yake anatupa moja inayolingana na iliyo chini; asiyenayo anapitwa. Atakayemaliza kwanza, maji yake. Na kwa heshima, mkubwa kwa umri ndiye anayeanza. Heshima hiyo nayo, ngojeni msikie.

Mjane Nakijwa alicheza kiangazi kizima asipate hata tone. Mahindi yake yakaanza kujikunja, na ndicho chakula cha wanawe cha mwaka. Siku moja akaacha kulaumu bahati, akakaa pembeni kuwatazama wenzake wakicheza. Lo, mbona anayeshinda ni Mzee Senkondo tu, mkubwa wa wote kijijini? Kumbe anayeanza kutupa ndiye anayewahi kumaliza. Akalisema hilo mbele ya wote, na wapo waliomwambia hana adabu.

Mbazi mfua vyuma, mtu asiyependa maneno mengi, akaenda kuwaza, akarudi na dawa: anayeanza agawiwe karata moja zaidi. Sawa, lakini nani angethubutu kumtwisha mkubwa wake mzigo? Mzee Senkondo mwenyewe akanyoosha mkono, akaiomba hiyo karata. Akacheza, akashindwa, na wiki ile maharage yake yakanyauka.

Mgawa maji, mlinzi wa ndiva, akafurahi kuona sasa yeyote anaweza kushinda. Akatangaza kwamba maji ya mwisho ya ndiva, yanayotosha shamba moja tu, hayatachezewa karata; ni ya yule aliyeuponya mchezo.

Nakijwa akasema, “Nisingefungua mdomo, mngekuwa bado mnalaumu bahati. Na matusi niliyabeba mimi.”

Mbazi akasema, “Kuona ugonjwa si kutibu. Dawa niliileta mimi, na shamba langu nalo ni kavu.”

Mzee Senkondo akasema taratibu, “Dawa mlikuwa nayo, wanangu, ila hakuna aliyeweza kuninywesha. Niliinywa mwenyewe.”

Nakijwa akaona haya. Alikuwa amemchukia mzee huyu kiangazi chote, na sasa alijua anasema kweli. Lakini akawafikiria wanawe, akabaki amesimama palepale.

Mgawa maji kashika jembe la kufungulia mfereji mlangoni mwa ndiva, anawatazama wote watatu. Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa kama mnajua: jembe hilo lingekuwa mkononi mwenu, mngemfungulia nani?