Prosesa Nane na Chumba cha Bibi Mwanamkuu

Sogeeni, nina kesi ya kuwatwika. Asiyetaka kuumiza kichwa akalale.

Bibi Mwanamkuu wa Pangani ana wajukuu watatu, kila mmoja na kipaji chake na kiburi cha kukizidi. Shekue anajua kununua; kitu kikitoka leo, kesho anacho. Mbwana ana mikono, hakuna mashine aliyoifungua ikamshinda kuifunga. Kidawa anaandika programu.

Macho ya Bibi yalikuwa yanazimika. Daktari alisema Idi hayafiki. Naye alitaka kitu kimoja tu: kumwona tena marehemu binti yake, Zahara, kwenye mkanda wa harusi uliokwisha kuliwa na ukungu.

"Atakayenionyesha mwanangu," alisema, "chumba cha mbele chake."

Kompyuta ya nyumbani ilikuwa na prosesa moja, yaani ubongo mmoja tu wa kuchapa kazi. Kusafisha mkanda ule picha moja moja, ingemaliza Bibi keshapofuka zamani.

Shekue akaleta chipu mpya, ndogo kama ukucha, ndani yake prosesa nane. Bila yeye, hakuna kitu.

Mbwana akaifunga kwenye kompyuta ile kuukuu, akaipoza kwa feni aliyoing'oa kwenye friji bovu. Bila yeye, chipu ingekuwa pambo la kabatini.

Lakini prosesa saba zililala, moja ikihangaika. Kidawa akaandika programu ya kuzigawia kazi. Bila yeye, nane zingekuwa sawa na moja.

Zahara akatokea kwenye kioo, hina mikononi, anacheka.

"Mwanangu!" Bibi akalia. "Nirudishieni hapo anapocheka."

"Kwanza sema, Bibi, chumba cha nani?" akauliza Shekue.

"Wewe umefanya nini zaidi ya kutoa pesa?" akafoka Mbwana.

"Bila mimi mngekuwa mmekodoa macho tu," akadakia Kidawa.

Basi Shekue akachomoa chipu yake, filamu hata haijahifadhiwa. Mbwana akabeba feni. Kidawa akafuta programu. Watu wazima hao, wana kazi na watoto! Prosesa nane zimekaa kwenye ukucha mmoja bila kununiana, wao nyumba nzima haiwatoshi.

Majirani wakawasuluhisha hadi wiki ya tatu, ndipo kazi ikarudiwa. Bibi akaketishwa mbele ya kioo.

"Haya, washeni basi," akasema.

Ilikuwa imeshawaka.

Wanasema kesho kompyuta za majumbani zitakuwa na prosesa mamia. Hongera zao, watu wa majumbani ndio hawa hawa. Chumba bado kinagombewa, na Bibi hataki kuvunja ahadi. Mimi ningefugia kuku humo. Wewe je, ungempa nani?