Pande la Nyama Lililovuka Wali

Zama Sultani Toghruli alipoutawala mji wa Zarafkandi, nyuma ya jangwa na milima ya theluji, ulikuwapo sokoni mkahawa wa pilau ambao harufu yake ilimvuta msafiri kwa pua kama mbuzi kwa kamba, na aliyevutwa siku hiyo ni mimi, Shekuwe wa Pate, mfanyabiashara wa udi, niliyejaaliwa tumbo kubwa na akili ya kadiri.

Nikakuta watu wanasukumana, maana pilau ya huko hupikwa tangu alfajiri katika sufuria ambayo ngamia angeweza kuogea, wali na karoti na vichwa vizima vya vitunguu saumu, na adhuhuri ikifika haisalii punje. Nafasi ilikuwa moja tu, mbele ya bwana mrefu mwenye rangi ya majivu, aliyeketi peke yake. Nikasema moyoni, Shekuwe, una bahati. Loo!

Bibi Gulandamu, mjane mwenye mkahawa, akatua sinia, nyama yote upande wangu, wali mtupu upande wa yule bwana, na akasema, "Ewe mgeni, kula upande wako tu."

Nami nimelelewa Pate, ambako mtu wa sinia moja nawe humwachi akatafuna wali mtupu. Bibi yangu angenichapa mwiko. Nikachagua pande nono la kondoo, nikalisogeza ng'ambo. "Karibu, ndugu yangu, usione haya."

Matonge yakasimama njiani kati ya masinia na midomo. Yule bwana akatafuna, akalia machozi ya cheche, akavimba mpaka darini, na moto chini ya sufuria ukazimika fuu, wali wote ukageuka mbichi!

"Umefanya nini, ewe tumbo la pwani!" akapiga kelele Gulandamu. "Huyo ni jini Tamruki, aliyefungwa na babu wa Sultani achochee moto wetu, mpaka siku mtu atakapompa nyama ya sehemu yake mwenyewe kwa hiari! Sikukwambia kula upande wako?"

"Bibi, mimi nilisikia 'kula' tu."

Mara akaingia Sultani, aliyekuja kwa chakula chake kama ada, akaonja wali, akautema. "Mbichi! Ni nani aliyeuzima moto?" Vidole vyote, vinang'aa mafuta, vikanielekea. "Wallahi, isipoiva kabla ya adhana, kichwa chake kitaingia sufuriani badala ya kitunguu saumu!"

Nikamgeukia jini. "Ndugu yangu, u huru, sina la kukuamuru. Nakuomba tu."

Jini akasema, "Nimepika miaka mia, na hakuna aliyeniambia karibu ila huyu mnene. Nitauwasha moto, leo na kesho, kwa hiari yangu. Lakini mwenye taji na aketi hapa, anisogezee nyama."

"Mimi? Nile na mtumwa wa babu yangu?" akafoka Sultani, na tumbo lake likanguruma, likamjibu. Akaketi, akasogeza mfupa. Jini akautazama tu.

"Lile la kushoto, Maulana," akanong'ona Gulandamu. "Lenye mafuta."

Likavuka wali, na moto ukawaka.

Basi kichwa changu kimebaki mahali pake, na Sultani akanitunuku ngamia waliobeba hariri, na Gulandamu akanioa. Nasema akanioa, kwa kuwa posa alileta yeye, akidai mume anayesikia "kula" tu hamsumbui mpishi. Nanyi mnaosikiliza, anayeketi nanyi sinia moja msimwache na wali mtupu, kwani hamjui amefungwa tangu lini.