Daftari Safi la Bwana Kiboko

Hadithi iko mlangoni.
Ifungulieni.
Ina vumbi la safari.
Ipanguseni, ikae.
Imekuja na magari mawili na matikiti mia mbili.
Basi isogee karibu, tuisikie.

Palikuwa na kilima cha mawe, na juu ya kilima hicho waliishi pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, wa kimo cha sungura. Hana pembe, hana kucha za kutisha, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Kazi anayoiweza sana ni kuketi juu ya jiwe na kutazama. Kila asubuhi mmoja wao hukaa zamu, akaitazama njia nzima kutoka mtoni mpaka kileleni, ili tai asije akawakuta wamejisahau. Na aliyekaa zamu nyingi kuliko wote alikuwa Bi Pimbi, mwenye macho makali na ulimi mlaini.

Mwaka huo chemchemi ya kilima ilikauka. Ilikauka polepole: leo ndoo, kesho kata, keshokutwa tone. Maji yakabaki mtoni tu, chini kabisa, na njia ya mtoni ni mteremko mtupu. Wazee wakabeba, wakashindwa. Watoto wakabeba, wakachoka. Ikasemwa kwamba mwezi ukiandama tena hali ikiwa hiyo, pimbi wote watakihama kilima walichozaliwa.

"Tununue gari," Bi Pimbi akasema. "Litatuletea maji kwa mapipa."

"Tununue kwa kitu gani?" wakamuuliza.

"Kwa matikiti."

Matikiti yalikuwa mia mbili, mavuno ya mwisho kabla chemchemi haijakauka, na ndiyo chakula chao cha kiangazi chote. Wakipata gari zima, watakunywa. Wakipata gari bovu, hawatakuwa na maji wala matikiti.

Habari zikashuka mteremko, zikamfikia Bwana Kiboko, mwenye yadi ya magari kule bondeni. Kiboko alikuwa na mwili kama nyumba, na mdomo kama mlango wa nyumba hiyo. Na kitu alichokipenda kuliko usingizi kilikuwa tikiti maji.

Siku ya tatu, Bi Pimbi akiwa zamu juu ya jiwe, akaona vumbi. Gari la kijani lilikuwa linapanda, kuukuu, limebonyea huku na huku: gugu-gugu-gugu. Nyuma yake, kwa mnyororo, lilivutwa gari jekundu, jipya machoni, kimya kabisa. Kwenye kona ya mwisho Kiboko akashuka, akafungua mnyororo, akautupa chini ya kiti cha lile la kijani. Kisha akalisukuma jekundu kwa bega mpaka penye tambarare, akaliwasha, akaingia nalo kijijini kwa honi, pii, piii. Likaja, likaja, likasimama lilipogota kwenye jiwe.

"Ndivyo lilivyozoea kusimama," akasema Kiboko, akishuka.

Bi Pimbi aliyaona yote. Akashuka jiweni kumlaki.

Sasa, katika nchi ile kila gari lilikuwa na daftari lake. Mara moja kwa mwaka lilipelekwa kwa Mzee Kobe, mkaguzi. Kobe aliingia chini ya gari asubuhi, akatoka jioni. Aligonga kila nati, ko, ko, ko, akaandika alichokiona na kilomita zilizosomeka. Gari lenye kasoro alilikataa, likatengenezwe, lirudi. Hakuwa na haraka, wala hakuwa na rafiki. Lakini kila mwaka kiangazi kilipokaza, Kobe alichimba shimo lake pale kilimani akalala, mpaka mvua ya kwanza imgonge mgongoni. Siku ile alikuwa amelala. Hapakuwa na wa kuulizwa ila daftari.

"Hili hapa," akasema Kiboko, akimpa Bi Pimbi daftari la gari jekundu, jembamba, safi, halina hata doa la oili. "Soma mwenyewe, Bi mdogo. Mimi nikisema mtasema nasifia changu. Daftari halidanganyi."

"Halidanganyi, Bwana Kiboko," akaitikia Bi Pimbi, akafungua.

Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akasoma wa tatu.

"Bwana Kiboko, mwaka juzi kilomita elfu sabini. Mwaka jana elfu thelathini. Zile elfu arobaini zimekwenda wapi?"

Kiboko akajikuna sikio. "Ah, hizo. Mwaka ule nilikuwa naendesha kwa rivasi. Ukirudi nyuma zinapungua."

"Kumbe."

"Daftari halidanganyi."

"Halidanganyi, Bwana Kiboko." Akafunua tena. "Naona kila ukaguzi ulifanyika mwezi kama huu, wa jua kali."

Pimbi wote wakageuka kulitazama shimo la Kobe. Kiboko hakujua wanatazama nini, maana yeye kiangazi chote huwa ndani ya maji mpaka puani, na ya nchi kavu hupita bila yeye.

"Kobe hupenda jua," akasema. "Anaona vizuri."

"Kumbe. Na kwa miaka mitano hakuna kasoro hata moja?"

"Hata moja. Si kama lile la kijani pale konani. Lile lilikuwa la Bi Nungunungu kabla hajahama, na daftari lake ni aibu tupu. Mimi nalibebea majani tu."

"Hebu nilione, bwana, nicheke kidogo."

Kiboko akalileta, nene, limechanika pembeni, lina alama za vidole. Bi Pimbi akasoma. Mwaka wa nzige: breki za nyuma zimekwisha, limekataliwa; siku tatu baadaye, breki mpya, limepita. Mwaka wa mafuriko: rejeta inavuja, limekataliwa; wiki moja baadaye, rejeta imezibwa, limepita. Kasoro nane kwa miaka minane, zote zimeandikwa wakati wa mvua, zote zimetibiwa, na hakuna ugonjwa uliorudi mara ya pili. Kilomita zilipanda mwaka hadi mwaka, ngazi baada ya ngazi, hazikuruka wala hazikushuka.

Bi Pimbi akajua gari la kununua ni lipi. Akalifunga daftari upesi kama aliyeona jambo la haya.

"Maskini," akasema. "Sisi tunalitaka hili jekundu."

Kiboko akameza mate. "Matikiti mia mbili."

"Mia mbili, yote. Ila sisi ni wadogo, tunaogopa mteremko. Panda wewe mwenyewe, ushuke nalo mpaka mtoni, ulisimamishe ukingoni, kisha upande nalo urudi. Ukifika, matikiti yako haya."

Kiboko akautazama mteremko. Mteremko ukamtazama.

"Breki ni nzuri," Bi Pimbi akamkumbusha kwa upole. "Ukurasa wa nne."

"Nzuri sana," akasema Kiboko, na jasho likamtiririka. "Nzuri mno. Yaani... nikifikiri vizuri, nimelipenda hili gari. Siliuzi tena. Chukueni lile la kijani, kwa matikiti mia."

"Mia, bwana? Kwa daftari la aibu?" Bi Pimbi akajifuta macho yasiyo na machozi, akafungua lile daftari nene. "Breki za nyuma. Hiyo si kasoro?"

"Ni kasoro."

"Matikiti kumi pungufu. Rejeta. Si kasoro?"

"Ni kasoro, lakini..."

"Kumi pungufu. Springi ya kushoto."

Akasoma zote nane, na kila moja iliondoka na kumi lake. Kiboko angewezaje kubisha? Angesema zimetengenezwa, angekuwa anasifu daftari alilolitukana mbele ya watu. Yakabaki matikiti ishirini. Akayatazama, mdomo ukamlowa, akakubali.

Pimbi wakayapakia matikiti ishirini kwenye gari jekundu. Hapo ndipo Kiboko alipokumbuka mnyororo.

"Kuna kitu changu chini ya kiti cha lile la kijani."

"Tumelinunua na vilivyomo," akasema Bi Pimbi. "Lakini kama breki zina wasiwasi, bwana, yaache matikiti hapa, ushuke kwa miguu. Uje kuyachukua Kobe akiamka, atupimie na hizo breki."

Kiboko akayatazama matikiti. Akautazama mteremko. Akayatazama matikiti tena.

"Breki zina wasiwasi? Wewe hukusoma?"

"Nilisoma."

"Daftari linasemaje?"

Pimbi wote wakaitikia kwa sauti moja, wakubwa na wadogo: "Daftari halidanganyi, Bwana Kiboko."

Akapanda. Gari likaanza pole, likapita kona ya kwanza, vuu. Likapita kona ya pili, vuuu. Kona ya tatu halikuipita, lilinyoosha. Tikiti moja likaruka, pwaa. La pili likaruka, pwaa. Kiboko alikanyaga breki, akakanyaga tena, akakanyaga kwa miguu yote aliyokuwa nayo.

Chubwiii.

Maji yakafunguka, maji yakajifunga. Baada ya kitambo yakatoka masikio mawili, macho mawili na matundu mawili ya pua, na matikiti kumi na manane yakielea pembeni. Kiboko hakuumia, wa majini amerudi majini. Mpaka leo hukaa vivyo hivyo, mwili chini, macho juu, akiangalia kama kuna gari jingine linashuka.

Jioni ile gari la kijani liliteremka na mapipa manne, gugu-gugu-gugu, likasimama ukingoni bila kugota popote. Likajazwa, likapanda. Wazee walikunywa kwanza, kisha watoto, kisha mche mmoja wa tikiti uliokuwa umesinyaa karibu na mlango. Hakuna aliyefunga mzigo wa kuhama.

Bi Pimbi hakunywa upesi. Alichukua lile daftari nene, akafungua ukurasa mpya, akaandika kwa mwandiko wa taratibu: "Leo taa ya kushoto inapepesa. Kobe akiamka, aitazame." Kisha akanywa.

Hadithi imeinuka, imejipangusa vumbi.
Inakwenda wapi?
Inateremka mtoni.
Breki zake nzima?
Zimeandikwa.
Basi iende salama.

Na funzo lake ni hili, lishikeni vizuri: ukitaka kununua gari, chagua linalong'aa, na ukiona daftari lina maandishi mengi, kimbia. Hilo si langu. Alilisema Bwana Kiboko mwenyewe, akiwa na maji mpaka puani, na tusibishane naye, kwa maana kati ya wanyama wote yeye ndiye aliyekaa na magari muda mrefu zaidi.