Kwa Nini Kuku Hukimbia Akisikia Hodi

Mnamwona kuku akizungukazunguka uani, mnadhani aliumbwa hivyo, mzito na asiye na pa kwenda. Sivyo. Zamani aliruka kama kwale, akalala msituni, wala hakuna aliyekuwa na haja naye.

Enzi hizo watu walikuwa na adabu moja ya ajabu: mgeni hamalizi chakula. Akimaliza, ataitwa mroho yeye na wajukuu zake. Kwa hiyo alimega matonge matatu, akafuta mdomo, akasema, "Nimeshiba hasa," huku tumbo likimkana. Mwenyeji naye, asije akaonekana mchoyo, alisonga ugali wa kutosha wachimba kisima. Uliobaki ulimwagwa nyuma ya jiko, kwani kula mabaki ya mgeni ilikuwa aibu kubwa zaidi.

Kuku, ambaye hakufundwa na mtu, alishuka akala. Kesho yake akala tena. Baada ya mavuno mawili alitaka kurudi msituni. Akapiga mbawa kwa nguvu zake zote, akafika juu ya kinu.

Mwaka uliofuata mvua ikagoma. Katika kihenge cha Nyamizi ulibaki mtama wa kibaba kimoja, na ndipo mama mkwe wake, Bi Kabula, alipopiga hodi. Huyu alikwishatangaza kwamba siku atakayolala njaa hapo, atamwoza mwanawe mke wa pili, anayejua kutunza kihenge. Naye ndiye yuleyule ambaye miaka ya shibe alimega matonge matatu hapohapo, akaapa ameshiba.

Nyamizi alikwenda nyuma ya jiko apate kulia kwa nafasi. Akamkuta Kuku, mnene, ameketi palepale pa kumwagia ugali. Wakatazamana. Kuku akaruka hadi kwenye kinu. Kinu hakikuwa kirefu.

Siku hiyo Bi Kabula alikula mpaka akanyonya mifupa.

"Mwanangu, nyama hii umeitoa wapi?"

"Ni ule ugali wako, mama. Ulikuwa nyuma ya jiko."

Bi Kabula alitafuna kwanza, polepole. "Basi niongezee mchuzi."

Habari za mke wa pili hazikusikika tena. Na tangu siku hiyo mgeni akija huchinjiwa kuku. Kumaliza sahani bado hatujajifunza. Nendeni harusini mkaone. Kuku ndiye aliyejifunza. Hodi ikipigwa, mwenye nyumba hajaitika, yeye keshafika uvunguni mwa kihenge.