Nyongeza ya Ngedere

Paukwa!
Pakawa!
Kibaba!
Kimejaa!
Kimejaa nini?
Tutajua kikimwagwa!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyeshiba hapo nyuma, acha kupiga miayo. Hadithi hii ya wenye njaa, ila hata wewe utaisikiliza, maana anayesimulia ni mimi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakinunua chakula dukani kama watu, palikuwa na Mama Kanga. Kanga wa zamani hakuwa kama huyu mnayemjua. Alikuwa na manyoya mpaka utosini, shingo nzima imefunikwa, maridadi kama bibi harusi.

Mama Kanga alikuwa na watoto kumi na wanane. Mbona mnaguna? Kuna aliyewaomba muwalishe? Mumewe alivuka mto kwenda kutafuta maisha, na maisha nayo yanamtafuta yeye. Hawajaonana mpaka leo.

Basi kila siku Mama Kanga alipalilia shamba la Nguruwe, toka alfajiri mpaka jua la utosi. Ujira wake kauri moja, ndiyo pesa ya siku hizo. Kauri moja, kibaba kimoja cha mahindi. Kibaba kimoja, midomo kumi na minane. Yeye mwenyewe alikunywa maji, akawaambia wanawe ameshakula shambani.

Mwenye duka alikuwa Ngedere. Weee, Ngedere huyo alipendwa! Alipendwa kwa nyongeza. Akishakupimia kibaba chako, huchota kwa kiganja ukufi mzima wa mahindi, anauinua juu kila mtu auone, anaumimina kapuni huku anaimba:

Kibaba cha Ngedere, kibaba cha baraka,
Na nyongeza juu yake, mpaka inamwagika!

Na wateja wanapiga makofi. Wajinga wana makofi mengi.

Siku ya kwanza ya kununua kwa Ngedere, Mama Kanga akaleta mahindi nyumbani. Tunu, binti yake mkubwa, ndiye aliyekuwa akigawa. Akagawa, akagawa, akagawa. Kumi na watano wakapata. Watatu wa mwisho wakakuta kapu tupu.

"Mnakula kama nzige!" mama akafoka.

Kesho yake akamwambia Ngedere, "Kaka, mahindi hayafiki."

"Hayafiki wapi, dada? Hapa yametoka mazima," Ngedere akajibu. Foleni nzima ikacheka. "Umezaa bila kipimo, unataka na mimi nipime bila kipimo? Haba na haba hujaza kibaba. Haya, chukua nyongeza yako, maana mimi nina huruma."

Mama Kanga akapiga magoti, akashukuru. Magoti! Kisha Ngedere akamwinamia sikioni: "Dada, mtazame anayegawa. Mgawaji hajinyimi."

Siku hiyo ya pili Tunu akagawa, akagawa, akagawa. Kumi na watano wakapata. Watatu hawakupata.

"Tunu! Umekula ya wadogo zako?"

"Mama, sijala."

"Hayo mahindi yameota miguu?"

"Mama, wallahi sijala."

Mama Kanga akamkamata mwanawe shingoni. Akamnyonyoa. Unyoya mmoja kwa neno "sema," unyoya mwingine kwa neno "mwizi," mpaka shingo ya mtoto ikabaki tupu, nyekundu, inavuja damu.

Tunu hakulia. Alisema tu, "Mama, kesho gawa mwenyewe."

Siku ya tatu mama akabeba kapu kutoka dukani, njia nzima hakulitua. Akagawa mwenyewe. Akagawa, akagawa, akagawa. Kumi na watano wakapata. Watatu wakabaki wamefungua midomo.

Mama Kanga akalitazama kapu. Akamtazama Tunu, aliyekaa pembeni amewapa mgongo, shingo wazi. Hapo hasira ikampanda, ile inayoanzia kwenye kucha.

Akarudi dukani mbio, akaipasua foleni. Ngedere alikuwa ameshammiminia Mama Panya mahindi yake, kibaba kitupu kipo chini, mkono uko juu na nyongeza, kinywa kinaimba. Mama Kanga akasimama kando ya kibaba: kilimfika gotini. Akatumbukiza mguu ndani: kucha zikagonga chini, ukingo ukamfika kifundoni. Nje gotini, ndani kifundoni!

Akadonoa kwa nguvu zake zote. Kikang'oka kipande cha kibuyu kilichogandishwa kwa nta. Chini yake, shimo tupu. Kibaba kilikuwa na vitako viwili.

Ngedere akateremsha sauti. "Dada, tukaongee nyuma ya duka."

"Nyuma kuna nini? Kitako cha tatu?"

"Basi twende kwa hakimu, kwa Mzee Nyani."

"Kesi ya ngedere nikaipeleke kwa nyani? Nina watoto wengi, si kwamba sina akili!"

"Lakini dada, nyongeza si nilikupa?"

"Ulinipa ukufi wa mahindi yangu mwenyewe, nikakupigia magoti! Haba na haba hujaza kibaba? Haba zangu ulizikalia chini! Nimemnyonyoa mwanangu kwa ulimi wako, mwizi we!"

Mama Panya akalitazama kapu lake, akawakumbuka wanawe kumi na wanne, naye akaokota mwiko. Aliyefuata kwenye foleni akaokota kuni. Sisemi zaidi, kuna watoto hapa.

Duka wakalitwaa akina mama. Ngedere akapelekwa kupalilia kwa Nguruwe kwa kauri moja, na akirudi anapimiwa kwa kibaba kile kile, kitako cha uongo kimerudishwa, na wimbo juu. Siku ya kwanza akanuna. Siku ya pili akalia. Siku ya tatu akakimbilia mitini. Mpaka leo hana duka, anaiba mahindi mashambani na kuyashindilia mashavuni, maana haamini kipimo cha mtu.

Siku ile mama alipokamata kibaba, watoto wote kumi na wanane walikula. Tunu akagawa, akasaza.

"Mwanangu, nisamehe," Mama Kanga akasema.

"Nimekusamehe, mama. Ila manyoya hayarudi."

Mama Kanga akainamisha kichwa, akaanza kunyonyoa shingo yake mwenyewe, unyoya mmoja mmoja, mpaka utosini, ili mwanawe asitembee na aibu hiyo peke yake. Ndiyo maana mpaka leo, ukimwona kanga, kichwa na shingo ni vitupu.

Basi mjue: usiipigie makofi nyongeza kabla hujakipima kibaba chenyewe. Na mwizi wa kibaba huiba mara mbili: huiba mahindi, kisha humwibia mtoto imani ya mama yake.

Hadithi nimeimwaga yote, kibaba nimekipindua. Anayetaka nyongeza, kwanza alete shingo inyonyolewe.