Asubuhi Kata, Jioni Kata

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, alitawala Sultani mmoja jina lake Mwinyi Hatimu, naye alikuwa bahili wa maneno. Wafalme wengine hubania dhahabu au mchele. Yeye alibania ulimi. Aliamini kuwa mtu mkubwa hamalizi kusema, bali husema nusu, na wadogo hujaza iliyobaki. Akitaka kula husema, "Sinia." Akitaka kulala husema, "Taa." Siku moja alisema, "Kichwa," basi mtumishi mmoja akaleta kofia na mwingine akaleta dawa ya kuumwa kichwa, naye akaivaa ile na akainywa hii, kwa sababu kueleza ni kazi.

Sultani huyo alikuwa na ua mpana mbele ya jumba lake, na katika ua huo alipanda ukoka. Mgeni mmoja alikuwa amemsimulia habari za mfalme wa mbali ambaye ua wake ulikuwa kijani mwaka mzima, majani yakiwa mafupi na laini kama busati, na tangu siku ile Sultani hakulala vizuri mpaka ukapandwa. Masika ukoka ulimea, ukatambaa, ukafunika ua wote, naye akawa anasimama dirishani akiutazama kama mtu anayetazama mwanawe wa kwanza. Kisha mvua zikaondoka, kiangazi kikaingia, na jua la kaskazi likaanza kuchoma mawe.

Mtunza ua alikuwa mtu mmoja mpole, jina lake Shebwana. Alimwendea Sultani akauliza, "Maulana, jua limekuwa kali, majani niyafanyeje?"

Sultani akajibu, "Kata."

Basi Shebwana akakata. Asubuhi alikata, jioni alikata, kwa panga butu aliloachiwa na mtunza ua wa kabla yake, mpaka udongo ukawa unaonekana kati ya majani kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa vibaya. Adhuhuri akiona huruma huyanyunyizia maji kidogo ya kiganja, na maji yale hukauka kabla hayajafika mizizini. Ikawa ukoka ukageuka rangi ya manjano, kisha rangi ya makuti, na Sultani alipofungua dirisha akauona, alisema neno moja tu: "Gereza." Askari wakamchukua Shebwana na panga lake mkononi.

Shebwana alikuwa na mke aitwaye Mize binti Kombo, na watoto wanne, wa mwisho akiwa bado anatambaa. Mize alikuwa akikata majani porini na kuwauzia wenye punda, na habari ile ilimkuta akifunga mzigo wa pili. Hakulia. Kulia kungemchelewesha, na punda walikuwa wanangoja. Alipeleka mizigo yake, akarudi nyumbani, akawapa watoto uji, akamwacha yule mdogo kwa jirani, kisha akajifunga kibwebwe akaenda moja kwa moja barazani kwa Sultani.

Akamkuta ameketi, na ubavuni pake ameketi Waziri Shali, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuyarefusha maneno ya Sultani ili watu wayaelewe.

"Maulana," akasema Mize, "mimi ni mke wa Shebwana. Nimekuja kumwombea mume wangu."

"Ameua," akasema Sultani.

"Maulana anasema," Waziri akadakia, "kuwa mumeo ameua ukoka wa Sultani, ambao hauna mfano katika pwani yote, na kwa hiyo atakaa gerezani mpaka..."

"Nimemwelewa, Bwana Waziri," Mize akamkatiza. "Lakini ukoka haukuuawa na mume wangu, na wala haujafa. Ukoka haufi upesi namna hiyo. Mimi kazi yangu ni majani. Huu umekatwa mno wakati wa jua, basi umejilaza."

Watu barazani wakatazamana. Sultani akanyanyua nyusi zake mbili, na kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

"Wewe, basi," akasema.

"Maulana anasema," akaeleza Waziri, "kwamba kwa kuwa unajua mno, kazi hiyo sasa ni yako."

"Siku arobaini. Kijani, mume. Si kijani, nawe."

"Maulana anasema ukoka ukirudi kuwa kijani siku ya arobaini, mumeo atafunguliwa. Ukoka usiporudi, nawe utaingia gerezani, na watoto wenu watagawanywa wakafanye kazi katika majumba ya watu."

Mize akakaza kibwebwe chake. "Na kazi yenyewe niifanyeje, Maulana? Kwa amri ipi?"

"Asubuhi kata. Jioni kata."

Mize akaitambua amri hiyo. Ni amri ileile iliyoukausha ukoka na kumfunga mumewe. "Maulana," akasema, "tafadhali ongeza neno moja tu, nielewe vizuri."

Waziri akafungua kinywa ili aongeze maneno ishirini, lakini Sultani akanyoosha kidole, naye Waziri akafunga kinywa.

"Hivyo hivyo," akasema Sultani. "Usiongeze. Usipunguze. Karani!"

Karani akachovya kalamu akaandika: *Asubuhi kata. Jioni kata. Kwa amri.* Waziri akapiga muhuri, na Mize akapewa waraka ule mbele ya watu wote. Kesho yake Sultani akafunga safari kwenda shamba lake la milimani kukimbia joto, kwa desturi yake ya kila kaskazi, asirudi mpaka siku arobaini ziishe.

Mize akarudi nyumbani na waraka wake. Akaketi kizingitini, akaukunjua na kuukunja, akaukunjua tena. Hakujua kusoma, lakini maneno ya amri yenyewe yalikuwa manne, na hata asiyejua kusoma huweza kushika maneno manne. Akikata, ukoka utakufa. Asipokata, amevunja amri. Kwa vyovyote, watoto watakwenda kusugua masufuria ya watu. Alikaa pale mpaka uji wa jioni ukaungua chini, naye akasikia harufu yake lakini hakuinuka.

Ndipo binti yake mkubwa akapiga kelele kutoka ndani, "Mama! Kata!"

"Nikate nini, mwanangu? Mimi sina nguvu ya kukata chochote saa hizi."

"Kata, Mama! Kata ya maji, umeiweka wapi? Mtoto ana kiu na mtungi umejaa, nitateka kwa mkono?"

Mize akainua kichwa. Akamtazama binti yake. Kisha akacheka, akacheka mpaka jirani akachungulia kwa dirisha kuuliza kama kuna msiba.

Kesho yake alfajiri, kabla jua halijatoka, Mize alikuwa uani kwa Sultani. Kwanza alipiga magoti akachimba kidogo kwa kidole, akavuta mzizi mmoja, akauona bado mweupe ndani. "Umo," akauambia. Kisha akachukua kata yake, kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, akaanza kazi.

Shida ilikuwa maji. Kisima cha jumba kilikuwa cha watu na farasi tu, na mlinzi wake hakuwa mtu wa kubembelezwa. Basi Mize akaenda jikoni kwa Bi Tufa, mpishi mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta.

"Bi Tufa, shikamoo. Yale maji mnayooshea mchele mnayapeleka wapi?"

"Marahaba. Yanakwenda mferejini, yakaende wapi kwingine? Harusini?"

"Nipe mimi."

"Maji machafu? Chukua, mwanangu, chukua na ya mboga, na ya kunawia wageni, na wageni wenyewe ukiweza. Wanakula mno."

Hivyo Mize akawa anakusanya maji ya jikoni katika mitungi, hapa ya mchele, hapa ya kunawia. Wala hakuyanyunyiza ua mzima kidogo kidogo. Aliugawa ua vipande, kila alfajiri akashughulikia kipande kimoja, kata baada ya kata, mpaka udongo ukashiba na kidole kikizama kinatoka na tope. Magharibi, jua likishapoa, akashughulikia kipande kingine. Mchana aliwazuia watumishi wasipite juu ya ukoka, na aliyepita alimfukuza kwa upande wa khanga kama anayefukuza kuku. Na panga hakulishika hata siku moja. Majani yakarefuka, yakainama, yakaifunika mizizi yake yenyewe kwa kivuli.

Siku ya kumi na mbili Waziri Shali akatoka kibarazani, akatazama, akashtuka.

"Ewe Mize! Majani haya yamefika kwenye kifundo cha mguu! Mbona hukati?"

"Nakata, Bwana Waziri. Asubuhi na jioni, kama nilivyoamriwa. Sijakosa hata siku moja."

"Unakata wapi? Mimi ni kipofu?"

"Hapana, Bwana Waziri. Una macho mazuri sana."

Waziri akaona anachezewa, akakasirika, akaandika barua ndefu, kurasa tatu, akamtuma tarishi milimani. Barua ikasema kuwa mke wa Shebwana hakati majani, nayo yamerefuka kupita kiasi, na ua wa Sultani unakaribia kuwa kichaka cha kuficha sungura. Je, Maulana anaamuru nini? Baada ya siku nne tarishi akarudi na jibu, na Waziri akalifungua kwa pupa. Lilikuwa na neno moja: *Kata.*

Waziri akashuka uani akiipunga barua. "Umesikia? Maulana amejibu! Kata!"

"Alhamdulillahi," akasema Mize, akachovya kata yake mtungini. "Mimi nilidhani amebadilisha mawazo."

Siku ya arobaini Sultani akarudi, jua likiwa kali vilevile na mji wote umekuwa rangi ya vumbi. Alipoingia langoni akasimama. Ua ulikuwa kijani kama mwezi wa masika, na upepo ulipopita majani yaliinama pamoja yakainuka pamoja. Sultani akavua viatu. Akakanyaga. Ubaridi ukampanda nyayoni mpaka magotini, akafumba macho.

Kisha akayafumbua, akatazama chini, asiione miguu yake mwenyewe.

"Marefu," akasema. "Mize!"

Mize akaletwa, na Waziri nyuma yake, amekunja mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

"Sikukuamuru?" akasema Sultani.

"Uliniamuru, Maulana, na waraka ninao. Naomba usomwe."

Karani akasoma kwa sauti: "Asubuhi kata. Jioni kata. Kwa amri."

"Ndiyo," akasema Mize, akainua kata yake juu watu wote waione. "Asubuhi, kata. Jioni, kata. Siku arobaini, Maulana, kata hii haikupumzika. Sikuongeza neno, sikupunguza."

Karani akautazama tena waraka wake, akaugeuza juu chini, akaonekana kama mtu anayesali asicheke.

"Kukata!" Sultani akapiga kelele. "Nilisema kukata!"

"Hata hivyo nimekata, Maulana. Hukusema nikate nini. Nami nikatazama ukoka wako, nikaona kitu kilichohitaji kukatwa pale ni kiu. Nikaikata kiu."

Watumishi wakaziba vinywa kwa mikono. Bi Tufa hakuziba. Sauti yake ilisikika kutoka jikoni. Uso wa Sultani ukawa mwekundu, akasogea hatua moja mbele, na kwa mara ya kwanza Mize akaogopa kweli, maana aliwaona watoto wake mmoja mmoja wakifuatana kwenda katika milango ya watu.

"Na mimi," akasema Sultani polepole, "nikimwita askari wangu, nikakionyesha kichwa chako, nikamwambia neno hilohilo, atafanya nini?"

Mize akaitazama kata yake. "Atanimwagia maji kichwani, Maulana," akasema, "na kwa joto hili la leo, nitamshukuru sana."

Sultani akamkazia macho. Midomo yake ikatetemeka upande mmoja, akaibana, ikatetemeka upande wa pili, akaibana, kisha ikamshinda. Akacheka mpaka akaketi chini katika ukoka, kilemba kikamwanguka, na majani yakamfika kifuani. Waziri alipoona Sultani anacheka, naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Sultani alipotulia akafuta machozi, akamgeukia askari wa gereza, akasema, "Fungua."

Askari hakuondoka. Alikuwa mtu mwangalifu, na yaliyotokea pale ameyaona kwa macho yake. "Nifungue nini, Maulana?" akauliza kwa adabu. "Dirisha? Sanduku? Au ni mimi nifungue saumu, nami sijafunga?"

Sultani akafungua kinywa. Akakifunga. Akamtazama Mize, naye Mize akatazama pembeni kama mtu asiyehusika. Basi, hapana njia nyingine, Mwinyi Hatimu akavuta pumzi, akasema, na wazee wa Shungi wanasema maneno yake yalikuwa marefu kuliko yote aliyoyasema tangu kuzaliwa:

"Nenda sasa hivi kwenye gereza langu, ufungue mlango wa chumba alimofungwa Shebwana, mtunza ua wangu, mume wa huyu Mize binti Kombo, umtoe nje akiwa mzima na nguo zake zote, umlete hapa mbele ya mkewe, na usimfunge tena mtu yeyote kwa ajili ya majani!"

Akanyamaza akihema. Kisha akamwuliza Mize anataka zawadi gani.

"Mchele, Maulana," akasema Mize, naye hakuacha nafasi ya kubahatisha. "Magunia mawili, yaliyojaa, mchele uliokwisha kupepetwa, uletwe mpaka ndani ya nyumba yangu, leo, na watu wako mwenyewe, bila mimi kubeba."

Ukapelekwa. Shebwana akaletwa akifinya macho kwa mwanga, amekonda, ndevu zimemwota ovyo. Alipouona ua kijani akasimama akastaajabu, akauliza, "Mke wangu, umefanyaje?"

"Njiani nitakwambia," akasema Mize, akamshika mkono. "Twende upesi, watoto hawajala tangu asubuhi."

Hayo ndiyo ya Shungi kama nilivyoyapokea. Aliyeyapata mazuri na ayachukue. Aliyeona nimeyarefusha, aelewe kuwa nami nahofia kusema nusu.