Ukoko wa Chiku

Toa mkono kwenye chungu, wewe! Ukoko hautoroki. Kaeni hapa karibu na mafiga, na aliye mdogo kuliko wote akae mbele. Wakati wali unaiva nitawaeleza kwa nini ukoko huliwa ungali wa moto, kwa nini anayeukwangua hupiga kelele zote hizi, na kwa nini kipande kikianguka majivuni hakiokotwi. Aliyekuja kutafuta kichekesho aende zake nje, maana hapa hakuna.

Kulikuwa na wakati ambapo hakuna aliyeujua utamu wa ukoko. Watu walipika wali kama tunavyopika sisi, wakautia tui, wakaupalia makaa juu, wakapakua. Ila ukoko walikuwa hawauli. Waliukwangua, wakauanika juani mpaka ukakauka kabisa, kisha wakaupeleka ghalani. Na si ukoko peke yake. Asali ya kwanza ya mzinga, nanasi la kwanza la msimu, karanga za kukaanga, vyote vilipelekwa huko. Hata ngoma zilitundikwa ghalani bila kupigwa. Mtu akishikwa na kicheko alijiziba mdomo kwa upindo wa nguo mpaka kipite. Desturi hiyo waliiita limbiko.

Msiwaone wajinga. Walikuwa wametoka kwenye njaa mbaya mno, njaa ya kuchimba mizizi na kuchemsha ngozi za vitanda. Wazee walionusurika walisema furaha ndogondogo zinapotea bure, mtu anazila leo na kesho hana kitu. Afadhali zikusanywe zote mahali pamoja mpaka ghala lijae lifike kwenye paa. Hapo ndipo itakapokuja Siku ya Furaha, siku moja kubwa ya kumtosha kila mtu na wajukuu zake. Basi kila mwaka baada ya mavuno mlinzi wa ghala alipanda ngazi akachungulia, na kila mwaka alishuka na jibu lilelile, "Bado. Zimebaki dhiraa mbili." Watu walizaliwa, wakaoa, wakazikwa, na dhiraa zilikuwa mbili tu.

Katika kijiji hicho aliishi mjane aliyeitwa Sihaba, na mtoto wake mmoja aliyembakia, Chiku, msichana wa miaka saba. Sihaba alikuwa hodari wa limbiko. Makanda yake ghalani yalikuwa mengi kuliko ya nyumba yoyote, na wanawake wenzake walimtaja walipowasuta mabinti zao wazembe. Sifa hizo zilimpendeza, nisiwafiche. Jioni alipomsuka Chiku nywele alimhesabia yaliyowekwa, kanda baada ya kanda, na mtoto, aliyekuwa na maneno kama cherehani, aliuliza kila mara, "Mama, ukoko una ladha gani?" Sihaba alijibu kwamba wataijua wote pamoja. Hata yeye mwenyewe hakuwa akiijua.

Mwaka huo masika yalikuja na homa. Chiku aliugua siku tatu, akakataa uji, akakataa maji ya madafu, macho yakamwingia ndani, na yale maneno yake yote yakakauka. Siku ya nne asubuhi Sihaba alipika wali wa nazi, labda mtoto ataonja hata tonge moja. Chiku aligeuza uso ukutani. Mama akapakua, akaanza kukwangua chungu taratibu kama ilivyokuwa desturi, asije mtu akatamani. Hapo mtoto akafungua macho.

"Mama, hicho kinachonukia ni nini?"

"Ni ukoko, mwanangu."

"Nipe kidogo. Kidogo tu."

Siku nne mtoto hajaomba kitu, na sasa ameomba. Sihaba alimega kipande, akakishika, kinamuunguza vidole. Moyo ulimtuma ampe, lakini aliogopa. Aliona akimpa Chiku atakuwa ameiba furaha ya kijiji kizima, na ya mama yake mzazi aliyekufa akiingojea. Hakumpa, wala hakukirudisha chunguni. Alifunga kipande kile kwenye pindo la kanga, akaenda mbio kwa Mzee Mtolea, mlinzi wa ghala, kuomba ruhusa.

Mzee Mtolea hakuwa mtu katili, na hilo mlielewe. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sihaba mwanangu, mimi nilizika wawili kwa homa hiihii. Nao waliomba. Nikikuruhusu wewe leo, wale wangu nitawaambia nini?"

Sihaba aliinuka akaaga. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na kile kipande kikiwa kimepoa kwenye pindo. Chiku alikuwa akimngoja, macho kwenye mlango.

"Wamekataa?"

"Tutaula Siku ya Furaha."

"Ni kesho?"

"Karibu, mwanangu. Karibu sana."

Mtoto hakulia. Alinyoosha mkono juu ya mkeka, kiganja kimeelekea juu, kama mnavyofanya ninyi mkigawiwa, akauacha hapo. Alasiri, kabla mbuzi hawajarudi, alikata roho, na mkono wake ulikuwa bado wazi. Wanawake waliokuja kumwosha walitaka kumkunja vidole, Sihaba akawazuia. Chiku alizikwa hivyo, kiganja wazi.

Siku ya tatu baada ya mazishi Sihaba aliuchukua ukoko ule wa chunguni, kwa sababu desturi ilikuwa haijui msiba, akaupeleka ghalani. Mzee Mtolea akamfungulia mlango. Mama yule alisimama akitazama rundo lile la makanda, mpaka juu, akasema anataka kuona kanda aliloweka mwaka aliozaliwa Chiku. Mzee akamwambia la chini haliguswi. Sihaba alilisogelea rundo. Alipiga magoti, akalikamata kanda la chini kabisa katika makanda yake kwa mikono miwili, akavuta.

Likatoka jepesi. Alipolifungua, mlikuwa na vumbi la kijivu, na fukusi wakitambaa. Akavuta la pili, la tatu, la kumi. Fukusi watupu. Asali ilikuwa imeliwa na sisimizi, ngozi za ngoma zilikuwa na matundu ya panya. Rundo likabomoka, na ghala lile walilolihesabia dhiraa mbili likaonekana tupu karibu lote. Kumbe kila mwaka watu walipoongeza juu, wadudu walikuwa wakila chini! Ndiyo maana dhiraa hazikupungua, wala zisingepungua hata ghala lingejazwa miaka mia. Siku ya Furaha ilikuwepo, naam, na fukusi waliisherehekea kila siku.

Kijiji kizima kikaja kuona. Mzee Mtolea aliketi chini kwenye vumbi lile, akawataja wanawe wawili kwa majina, akarudia, akarudia tena. Hakuna aliyemlaumu. Kila mtu alikuwa na wa kwake aliyemnyima kitu. Walisimama pale wakikumbuka, wakashindwa hata kutazamana, na kilio kilichopigwa siku hiyo hakikupigwa hata wakati wa njaa.

Sihaba hakungoja kilio kiishe. Alirudi nyumbani, akawasha moto, akapika wali. Aliuacha kwenye makaa kuliko kawaida, mpaka ukoko ukawa mnene na mwekundu. Kisha akachukua kifuu, akakwangua kwa nguvu zake zote, kwaru, kwaru, kwaru! Alitaka asikike mpaka nyumba ya mwisho, kwa sababu ndani ya nyumba zile walikuwemo watoto wengine walioshikwa na homa. Watoto waliokuwa wazima wa afya walikuja, wakasimama mbali wameziba midomo.

"Njooni," aliwaambia. "Nyoosheni viganja. Mdogo aanze."

Aliyekuwa mdogo alikuwa kitoto cha miaka mitatu hivi. Alipotiwa kipande kiganjani kilimchoma, akakirusha mkono huu na huu, akakipuliza, akakitia mdomoni, kikavunjika kwa mlio. Akacheka. Hakujiziba, maana hakuwa amefundishwa bado. Wenzake wakamtazama, wakamcheka, nao wakala, na jiko la mfiwa likajaa vicheko. Wakubwa kati yao wakabeba vipande vya moto kwenye majani kuwapelekea wagonjwa.

Sihaba alisimama na kifuu chake mkononi. Vicheko vile vilimpendeza na vilimuumiza, vyote kwa mara moja, akalia waziwazi mbele ya watoto wa wenzake. Alipojifuta machozi, kipande kimoja kikaanguka majivuni. Msichana mmoja akainama kukiokota.

"Hicho kiache," Sihaba alisema. "Kina mwenyewe."

Na tangu siku hiyo ukoko hauanikwi wala hauwekwi. Huliwa hapohapo jikoni, watu wamesimama, vidole vinaungua, na anayegawa huanza na mdogo. Siku ya Furaha hakuna aliyeitaja tena. Anayekwangua hukwangua kwa kelele ili hata aliye kitandani asikie, na akiomba apelekewe kabla ya mtu yeyote. Homa bado ipo, inakuja kila masika kama zamani. Na kipande kikianguka majivuni hatukiokoti, kwa sababu ni cha Chiku, ambaye mkono wake bado uko wazi.

Haya, wali umeiva. Nani mdogo hapa? Lete kiganja, mwanangu, na usingoje upoe.